Lori limekwisha, usajili bado upo: kisa cha Isuzu ya duka la vifaa vya ujenzi Tororo

Kisa hiki ni cha lori moja, Isuzu Elf ya tani nne, mali ya kampuni ndogo ya familia inayouza simenti, mabati na nondo mjini Tororo, mashariki mwa Uganda. Mkuu wa kampuni ni mama ambaye mjini wote tunamwita Hajati, nami nitamwita hivyo hapa. Majina mengine nimeyaacha, na namba ya gari pia. Kazi yangu ni kuwafuatilia watu nyaraka za magari na kodi, na lori hili nilikuwa nalijua tangu likiwa na rangi yake.

Lilifanya kazi miaka mingi kati ya Tororo, Malaba na Mbale. Asubuhi lilibeba simenti ya duka, jioni mizigo ya kukodi. Siku lilipokwisha lilikuwa limebeba nondo kwenye barabara ya Mbale. Chasisi ilipasuka nyuma ya kabini, mzigo ukalalia upande mmoja, na kwa bahati njema dereva na taniboi walitoka wazima. Fundi wa gereji alilichungulia chini kwa tochi akasema kulichomelea ni kutafuta msiba mwingine. Hajati akakubali. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na sina la kuongeza. Ninaandika kwa sababu ya yaliyofuata, maana karibu kila mwenye gari la kazi anayekuja kwangu anaamini kwamba gari likishapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu, habari yake imekwisha.

Haijaisha. Kwenye rejista ya magari lori lile lilikuwa bado linatembea, na kila litakalofanywa kwa namba yake ni la kampuni ya Hajati mpaka kampuni yenyewe iombe lifutwe. Hakuna mtu atakayekuja kumkumbusha. Enzi za leseni ya barabara ya kila mwaka, gari bovu lilijitangaza lenyewe: mwaka ukiisha, mwenye nalo anajiuliza kwa nini alipie kitu kilicholala uani. Leseni ile ilifutwa zamani, mzigo wake ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Ilikuwa nafuu kubwa kwa wenye magari, lakini iliondoa pia ile siku moja ya mwaka ambayo mtu alilazimika kuangalia karatasi za gari lake. Ndiyo maana nchi hii ina magari mengi yaliyokwisha kuyeyushwa ambayo kwenye rekodi yana afya tele.

Mnunuzi aliyetaka kitabu

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika kabla hata ya fundi kumaliza kunawa mikono. Watu hawa wana habari za haraka kuliko redio. Alikuja na bei ya kilo, mizani, mitungi ya gesi na vijana wawili wa kukata. Alikuwa tayari kuanza siku ileile, lori lipande gari jingine vipande vipande kwenda upande wa Iganga na Jinja, kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma.

Bei aliyotaja haikuwa mbaya. Kisha akaongeza: "Hajati, ukinipa na kitabu na vibao vya namba, naongeza laki nane."

Kijana mkubwa wa Hajati, anayesimamia mauzo dukani, aliona hiyo ni riziki. Logbuku, yaani hicho kitabu cha usajili, ya lori lililokatwa ina faida gani? Vibao viwili vya bati vilivyopinda ni vya nini? Hapo ndipo Hajati alinipigia simu: "Mwanangu, huyu mtu ananiongezea pesa kwa karatasi. Mbona chuma anapima kwa kilo, karatasi anailipia laki nane?"

Swali lake ndilo lenye kisa chote. Logbuku na vibao vya gari lililokufa vina soko kwa sababu ni utambulisho kamili wa gari halali lililolipiwa ushuru. Kuna Isuzu nyingine ya aina hiyohiyo mahali fulani, imeibwa au imevushwa mpaka usiku bila ushuru, nayo haina karatasi. Mtu akipata kitabu cha lori la Hajati, vibao vyake, na kile kipande cha chasisi chenye namba iliyogongwa, anachomelea kipande hicho kwenye lori jingine, anafunga vibao, na tayari ana gari lenye jina la kampuni ya Tororo. Sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Kenya, Malaba na Busia, tunajua kwamba hili si jambo la kufikirika. Lori hilo likigonga mtu Masaka au likikamatwa na magendo Arua, polisi wataanza na jina lililo kwenye rejista.

Mambo yamezidi kuwa mazito tangu mradi wa vibao vya kidijitali uanze na magari ya serikali mwaka 2023. Kamera husoma namba na faini huandikwa kwa namba. Mwezi wa 6 mwaka 2025 faini za barabarani za moja kwa moja zilianza, zikasimamishwa muda mfupi baadaye watu walipopiga kelele, lakini mwelekeo umekwisha kuonekana: dereva hatasimamishwa, namba ndiyo itakayodaiwa. Mwenye jina atakuwa wa kwanza kuulizwa na wa mwisho kusadikiwa.

Nilimshauri Hajati akatae laki nane na asiruhusu gesi iwashwe. Mwana alinuna kidogo. Mama alikataa papo hapo.

Lakini nimtendee haki yule mnunuzi. Sikuona dalili kwamba alikuwa mwizi, na alipotueleza hofu yake niliielewa. Alisema: "Nikisimamishwa njiani na kabini iliyokatwa na ekseli za lori, askari ataniuliza nimeitoa wapi. Nikiwa na kitabu, napita." Hiyo ni hoja ya kweli. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Uganda, na mfanyabiashara wa chuma chakavu anayebeba vipande vya gari bila karatasi yoyote anajiweka mahali pabaya. Alihitaji ushahidi kwamba amenunua kihalali, na haja hiyo inatimizwa kwa nyaraka nyingine. Tuliahidi kumpa mkataba wa mauzo wenye mihuri, nakala ya ripoti ya ukaguzi na nakala ya uthibitisho wa kufutwa usajili. Masharti yetu yalikuwa mawili: asubiri, na laki nane zake abaki nazo. Alikubali kusubiri, akaacha malipo kidogo ya kushikilia bei. Wengi wangefanya hivyo wakielezwa vizuri, na ninasikitika kwamba ni wachache wanaoelezwa.

Tulichokikuta kwenye faili

Kabla ya kuomba gari lifutwe lazima rekodi iwe safi. Ya lori hili haikuwa safi, na sitegemei kukuta iliyo safi kwa gari lolote la kazi lenye umri ule.

La kwanza lilikuwa mkopo. Mwaka 2016 kampuni ilikopa kwa taasisi moja ya fedha ikaweka lori dhamana. Deni lililipwa lote, Hajati ana risiti ya mwisho na barua ya shukrani. Lakini jina la mkopeshaji lilikuwa bado limekaa kwenye rekodi ya gari kama mwenye maslahi. Mkopeshaji alirudisha kitabu, akasahau kuondoa zuio lake, na Hajati hakuwa na sababu ya kuangalia. Gari lenye zuio haliuziki wala halifutiki mpaka aliyeliweka aseme limeondoka.

Hatua hii ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko zote. Tawi lililotoa mkopo lilikuwa limefungwa na ofisa aliyesimamia faili alikwisha ondoka. Tulianza na barua rasmi ya kampuni, tukaambatanisha risiti ya malipo ya mwisho, taarifa ya akaunti na nakala ya logbuku, tukaomba barua ya kuachilia dhamana iliyotiwa saini na watu wenye mamlaka na muhuri wa taasisi. Barua ya ofisa mmoja isiyo na muhuri haifiki popote. Tuliangalia pia rejista ya dhamana za mali zinazohamishika iliyo chini ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa kampuni na dhamana, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019, kwa sababu mikopo iliyokuwa hai wakati ule huenda iliandikishwa huko pia. Yetu haikuwemo. Ninawasihi wenye magari ya kazi: siku unapomaliza mkopo, usiondoke na kitabu peke yake. Dai barua ya kuachilia dhamana siku hiyohiyo, wakati ofisa bado anakujua jina.

La pili lilikuwa injini. Namba ya injini iliyo kwenye logbuku haikulingana na iliyo kwenye lori. Hakukuwa na wizi hapo. Injini ya kwanza ilikufa zamani, fundi akanunua nyingine iliyotumika kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, akaifunga, lori likarudi kazini Jumatatu. Nani alikuwa na muda wa kwenda kubadilisha namba kwenye rekodi? Malori mengi ya mizigo midogo hapa yana historia ya namna hii. Lakini inspekta wa magari akiona namba mbili tofauti hawezi kujua kama ni uvivu au uhalifu, na kazi yake ni kuuliza.

Risiti ya Kisekka ilipatikana kwa sababu Hajati hatupi karatasi. Ilikuwa imefifia kiasi kwamba tuliisoma kwa kuielekeza dirishani, lakini namba ya injini ilionekana, na ilikuwa ndiyo iliyogongwa kwenye bloku. Tuliandaa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, mkurugenzi wa kampuni akieleza lini injini ilibadilishwa, kwa nini, nani aliifunga, na kwamba ya zamani aliachiwa fundi. Sehemu ya mwisho nilitaka iandikwe wazi. Injini ya zamani bado ina namba iliyofungamana na lori hili kwenye rekodi, nasi hatujui iliishia wapi. Kuandika hivyo kwa kiapo leo ni bora kuliko kuulizwa kesho na ofisa aliyeikuta kwenye gari la mtu.

Faini zilikuwa mbili, za zamani, zote za dereva aliyekwisha acha kazi. Zililipwa. Sikuona haja ya kubishana nazo.

Ukaguzi

Inspekta wa magari wa polisi alilikagua lori likiwa palepale gereji, zima, kabla ya kitu chochote kung'olewa. Hapo ndipo watu wengi hukosea mpangilio: wanauza injini wiki hii, giaboksi wiki ijayo, matairi yanaondoka usiku, kisha wanamwita inspekta aje akague fremu tupu. Ripoti ya gari lisilokuwa na injini inazaa maswali ambayo barua kumi hazitajibu.

Namba ya chasisi kwenye lori kama hili imegongwa kwenye ubao wa fremu upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilikuwa imefunikwa na tabaka la grisi, vumbi la simenti na rangi nyeusi ambayo mtu aliipaka zamani kuzuia kutu. Kijana wa gereji alilainisha kwa dizeli, akasugua kwa brashi ya waya, akafuta kwa kitambaa, akasugua tena. Herufi zilijitokeza moja moja. Ya mwisho ilikataa, hatukujua kama ni 3 au 8, mpaka inspekta alipoweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli kwa ubavu. Ilikuwa 8, kama kwenye kitabu. Karatasi ile yenye kivuli cha penseli iliingia kwenye faili, na kwangu ina uzito kuliko picha nyingi za simu, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ilipigwa kwenye gari jingine.

Ripoti iliandika namba zote mbili za injini, ya kitabuni na ya kwenye gari, ikataja kiapo na risiti, ikaeleza hali ya chasisi na kutamka kwamba gari halifai tena kwa barabara. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba ombi. Ukipewa ripoti inayosema tu "gari limeharibika", omba kwa heshima ielezwe zaidi, maana gari lililoharibika linaweza kutengenezwa.

Kuomba lifutwe

Kazi ya usajili wa magari ilikuwa ya Mamlaka ya Mapato, URA, kwa miaka mingi, kisha ikahamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Watu bado wanasema "naenda URA" kwa kila kitu cha gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, ambayo imerekebishwa baadaye, inamwekea mwenye gari wajibu wa kutoa taarifa gari linapoharibiwa au kuondolewa barabarani kabisa. Kumbuka ni wajibu wa mwenye jina kwenye rejista. Haumhusu aliyenunua vyuma, na fundi hawezi kuubeba kwa niaba yako.

Mwenye jina hapa alikuwa kampuni, na kampuni haina mkono wa kutia saini. Kwa hiyo kulikuwa na azimio la bodi: kikao kilifanyika, wakurugenzi walikubaliana kuliondoa lori fulani lenye namba fulani ya chasisi, na wakamteua fulani kusaini kila karatasi. Kampuni za familia hudharau hatua hii kwa sababu wakurugenzi ni mama na watoto wake wanaokula pamoja kila usiku. Lakini mkurugenzi mmoja akifariki kabla jambo halijaisha, karatasi hiyo ndiyo itakayowaepusha ndugu kugombana. Nimeona malori yanayooza uani miaka nenda rudi kwa sababu yaliandikwa jina la mzee aliyekwisha zikwa na hakuna aliyechukua hati ya usimamizi wa mirathi. Lori likiwa na jina la marehemu, anza mahakamani. Gereji itasubiri.

Tulipeleka ombi, logbuku halisi, vibao viwili vya namba, ripoti ya inspekta, kiapo, barua ya mkopeshaji, azimio la bodi na vitambulisho vya aliyeteuliwa. Kila kilichokabidhiwa kiliandikwa kwenye barua yenye nakala mbili, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Vibao nilivipiga picha juu ya kaunta, pamoja na barua. Kama kuna hatua moja ambayo simruhusu mteja aipuuze, ni hiyo nakala yenye muhuri. Uthibitisho wa kufutwa unaweza kuchukua muda wake, lakini kuanzia siku ya muhuri ule, mtu akitokea na vibao vya namba hiyo barabarani, Hajati ana la kuonyesha.

Kijana wake aliuliza kama ilibidi kwanza tulipie vibao vipya vya kidijitali. Kwa gari linaloondoka barabarani sikuona maana yoyote, na hatukulipa.

Hesabu za kodi

Hapa ndipo mhasibu wa duka alikuja mezani, na tulipitia mambo matatu.

Lori la mizigo lenye uwezo wa kubeba tani 2 au zaidi, likifanya biashara ya usafirishaji, hulipiwa kodi ya mapato ya awali: shilingi 50,000 kwa kila tani kwa mwaka. Kwa tani nne ni 200,000. Kwa kuwa lori lilikuwa likikodishwa jioni, kampuni ilikuwa ikilipa. Pesa hiyo haipotei, hukatwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka, lakini hakuna sababu ya kuendelea kuitanguliza kwa gari lisilokuwepo. Barua ya kufutwa ndiyo inayofunga dai hilo.

Pili, mauzo yenyewe. Duka limesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kampuni iliyosajiliwa ikiuza lori lake la kazi, hata likiwa chuma tu, hayo ni mauzo ya kawaida yanayotozwa asilimia 18, na ankara lazima itoke kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Mnunuzi alikuwa ametaja shilingi 4,720,000 akidhani ni pesa taslimu za mkononi. Ndani ya kiasi hicho, 720,000 ni VAT na 4,000,000 ndiyo bei ya duka. Ni vizuri kulisema kabla ya kupeana mikono, kwa sababu mnunuzi akisikia habari ya VAT siku ya kupakia, ataona anaongezewa bei. Yetu ilisemwa mapema, ikaandikwa kwenye mkataba kwamba bei inajumuisha VAT. Mwana alipendekeza tusitoe ankara, "ni chuma tu." Mama yake alimjibu kwamba amelala salama miaka yote hii kwa sababu ya ankara.

Tatu, vitabu vya kampuni. Lori lilikuwa ndani ya kundi la mali zinazopunguzwa thamani asilimia 20 kila mwaka kwa ajili ya kodi. Likiuzwa, bei ya mauzo inatolewa kwenye thamani iliyobaki ya kundi zima, na kundi likishuka chini ya sifuri, kilichozidi ni mapato ya kutozwa kodi. Kundi la Hajati lilikuwa na pikapu na mashine nyingine, kwa hiyo halikufika huko. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, na mimi huwaambia wateja faili la gari lililofutwa litunzwe zaidi ya hapo, maana kesi ya gari pacha inaweza kuchelewa kujitokeza.

Nitaje pia jambo ambalo halikumhusu Hajati lakini huwaangukia wengi: gari la shirika lililoingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kuliuza kwa asiyekuwa na msamaha kunaweza kuamsha ushuru ule uliosamehewa. Huyo aanzie forodha kabla hajaongea na mtu yeyote wa mizani.

Siku ya kukata

Uthibitisho ulipotoka, mnunuzi alirudi na vijana wake. Injini na giaboksi zilikwisha kutolewa na kuuzwa kwa gereji, kila kimoja kwa ankara yake, na ya injini ikiwa na namba kamili, kwa sababu atakayeifunga kwenye gari lake ataihitaji kwa inspekta. Betri iliuzwa kwa anayekusanya betri kuukuu za kuyeyushwa risasi. Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ilikingwa kwenye pipa ikapelekwa kwa mwenye kibali cha taka za namna hiyo. Gereji nyingine huimwaga nyuma ya ukuta. Tororo tunakunywa maji ya visima, na mimi sioni kama hilo ni jambo dogo.

Jina la duka na namba ya simu kwenye milango vilikwanguliwa kwa greinda. Kifaa cha kufuatilia gari kilifunguliwa, ada yake ya mwezi ikasimamishwa, bima ikakatishwa kwa barua na Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, ikarudishwa kwa kampuni ya bima, kwani lori lilikuwa likivuka Malaba mara kwa mara. Mizani ya mnunuzi tuliiangalia kama ina alama ya uhakiki wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Ilikuwa nayo.

Kisha nikaomba jambo moja kabla ya lolote: tochi ya gesi ianze kwenye namba ya chasisi. Sheria haikuniambia hivyo, ni desturi yangu. Kipande chenye namba kikibaki kizima ndicho kinachochomelewa kwenye gari jingine. Kijana alishusha miwani, akapitisha moto katikati ya herufi kutoka kushoto kwenda kulia, chuma kikageuka chekundu, kikalegea, nusu ya juu ya namba ikabaki kwenye fremu na nusu ya chini ikadondoka kwenye vumbi. Mnunuzi hakupinga. Tulipiga picha kabla na baada, mkataba ukasainiwa juu ya pipa mbele ya mashahidi wawili, akapewa nakala zake zote kwenye bahasha. Njiani kuelekea Iganga alisimamishwa na polisi, akaonyesha bahasha, akapita. Alimpigia Hajati simu mwenyewe kumwambia.

Kabla sijaondoka Hajati alinionyesha pikapu iliyoegeshwa kando ya ghala, akaniuliza kama nayo iliwahi kuwekwa dhamana. Tuliangalia rekodi: jina la mkopeshaji yuleyule lilikuwa limekaa, deni lake likiwa limelipwa zamani. Barua ya kudai waliondoe tuliipeleka wiki hiyohiyo, na pikapu bado inabeba simenti.